Kelele Ziishie Getini

Watu wa mtaa wa Ng'ambo, Tabora, waliposikia kwamba Kuluthumu binti Mfaume amepata kazi katika chumba ambacho mtu haruhusiwi kupaza sauti, walicheka mpaka wengine wakatafuta pa kukaa. Kuluthumu huyu huyu? Kuluthumu ambaye akiita kuku wake jioni, kuku wa mitaa mitatu wanakuja kuripoti? Alikuwa kinara wa ngoma za wanawake tangu enzi za mkoloni, na siku ya Uhuru alipiga kigelegele ambacho, kwa maneno ya majirani, kilimfanya Mzungu mmoja aliyekuwa akiteremsha bendera yake kwa heshima zote aachie kamba. Sasa ulikuwa mwaka wa sabini na nne. Kuluthumu alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mwenye elimu ya darasa la nne na mdomo wa chuo kikuu, na hospitali ilikuwa imemwajiri afagie chumba cha njiti.

Njiti ni wale watoto wanaozaliwa kabla ya miezi yao kutimia. Chumba chao kilikuwa mwisho kabisa wa wodi ya wazazi, dirisha moja, mlango mmoja, na katikati yake sanduku. Sanduku lilichongwa kwa mninga na fundi Shomari wa Ng'ambo, ambaye riziki yake ilikuwa vitanda na majeneza, kwa hiyo vipimo vya kulaza mtu alivijua kotekote. Juu lilikuwa na kioo, ubavuni kijidirisha cha kupitisha mkono, chini globu mbili za taa za kutia joto, na chupa za maji ya moto kwa siku ambazo umeme wa Tabora unajisikia kupumzika.

Mwenye chumba alikuwa Sista Bernadeta, muuguzi kijana, mwembamba kama uzi wa kushonea, asiyejua mzaha. Siku ya kwanza alimketisha Kuluthumu akamweleza kwa mnong'ono. Kichwa cha mtoto wa miezi saba, alisema, bado kinajengwa. Mishipa ya damu iliyo ndani yake ni myembamba kuliko utando wa maziwa. Mtoto akishtuliwa na kelele, akimulikwa ghafla, akigeuzwa geuzwa ovyo, damu inapanda kichwani kwa nguvu na mshipa unapasuka, na kwa nje mtu haoni kitu. Mtoto anaweza kuishi vizuri tu. Ila umri wa kutembea utafika asitembee, na umri wa kumwita mama utafika asimwite.

Kuluthumu alifikiri kidogo, akasema ameelewa, ni halua. Halua ukishaimwaga kwenye sinia, kabla haijashika, mtu akiligonga sinia inaingia ufa, na ufa ule hauzibiki hata uumwagie samli yote ya sokoni. Sista Bernadeta, ambaye hakuwahi kupika halua maishani mwake, alikubali kwamba ndiyo, ni halua.

Tangu siku hiyo Kuluthumu akawa mtu mwingine, walau kwa saa za kazi. Bawaba za mlango alizipaka mafuta ya karanga. Mkono wa ndoo aliufunga kitambaa usilie. Alitembea peku. Baibui lake kuukuu alilikata akalishona pazia la kufunika kioo, watoto wapate giza walilonyang'anywa. Wenye viatu vya kugonga sakafu aliwavua mlangoni, awe karani au daktari. Na kwa kuwa kusema kulikatazwa, alianza kusemea macho na vidole, na wote walioonjeshwa walikiri kwamba matusi ya Kuluthumu ya kimya ni mazito kuliko ya sauti. Jioni alitembea hatua mia mbili mpaka getini, akishavuka tu anaiachia sauti ya siku nzima kwa mtu wa kwanza atakayemsalimia. Wanaomjua walikuwa wakipita upande wa pili wa barabara.

Mwezi wa sita likaja lori.

Wakati ule kulikuwa na Operesheni, watu wakihamishwa kutoka mashambani mwao kwenda kukaa pamoja katika vijiji vipya. Upande wa Goweko alikuwepo mkulima wa tumbaku jina lake Luhende, na mkewe Apolinaria alikuwa na mimba ya miezi saba. Luhende alikwenda kumwomba Katibu wa chama, Ndugu Lugembe, mkewe aachwe ajifungue kwanza ndipo ahame. Ndugu Lugembe alimjibu kwamba maendeleo hayasubiri miezi tisa. Basi Apolinaria alipakiwa juu ya lori, juu ya kitanda chake mwenyewe, kati ya mitungi na mbuzi wa jirani, likaanza kurushwa kwenye barabara ambayo zamani wapagazi wa pembe waliikanyaga kwa miguu. Wapagazi wale angalau walikuwa wakiyaona mashimo kabla ya kuyaingia. Uchungu ulimshika njiani. Dereva ndiye aliyegeuza lori kuja Tabora mjini, si Katibu. Katibu alikuwa mbele kwenye Landrova, anahesabu nyumba za kijiji kipya, zoezi gumu kidogo kwa sababu nyumba zenyewe zilikuwa hazijajengwa.

Wakazaliwa pacha. Mvulana akaitwa Kulwa na msichana Doto, kama Unyamwezi wote unavyoita pacha. Kulwa, ukimlinganisha na dada yake, alikuwa bwana mkubwa. Doto alienea kiganjani, na alikuwa na tabia moja mbaya: alikuwa anasahau kupumua. Anavuta pumzi, anavuta, halafu anaacha, kama mtu aliyekatizwa mazungumzo. Midomo inageuka rangi ya zambarau. Hapo Kuluthumu anapitisha mkono kwenye kijidirisha, anamgusa unyayo kwa ncha ya kidole, mara moja, mara mbili, na Doto anakumbuka alikuwa anafanya nini duniani. Chumba kikiwa kimya, alisahau mara moja kwa siku, na siku nyingine asisahau kabisa. Mlango ukibamizwa tu, amesahau.

"Kila akiacha kupumua, ubongo unashinda na njaa," Sista Bernadeta alimnong'oneza Kuluthumu. "Mara chache utavumilia. Ikiwa mara nyingi, au mara moja ya muda mrefu, tutampa Apolinaria mwili akaulee, lakini Doto mwenyewe atakuwa amebaki hapa."

Maneno hayo Kuluthumu alikwenda nayo nyumbani, akalala nayo, akaamka nayo. Getini jioni ile hakumpigia mtu kelele.

Siku ya tatu akafika bibi yao, Nyamizi, mama yake Luhende, kwa miguu, ngoma begani na kibuyu mkononi. Kwa Wanyamwezi pacha si watoto tu, pacha ni shughuli. Lazima waimbiwe nyimbo za matusi, tena matusi ya nguoni, watu warushiane maji na unga, mkwe amtukane mkwe, na ni marufuku mtu kukasirika. Anayetukanwa hutukana naye, akacheka, yakaisha. Pacha wasipoimbiwa, nyumba nzima inaugua macho. Nyamizi alikuwa amekuja kulinda macho ya nyumba yake, na alikuwa amechagua mahali pa kuimbia: chini ya dirisha la chumba cha njiti.

Mtu mwingine yeyote angempeleka kwa mlinzi. Kuluthumu alikuwa na njia yake. Babu yake alikuwa Mzaramo aliyekuja na msafara kutoka pwani, akavimba mguu alipofika hapa, wenzake wakamwacha, na mguu ulipopona akawa ameshaoa. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu njia ile ya misafara, na kwa mtani unasema lolote.

"Wewe mpagazi," alimnong'oneza Nyamizi huku amemshika mkono, "babu yako alibeba pembe kutoka hapa mpaka baharini bila kuuliza. Leo wewe unashindwa kubeba ngoma mpaka getini?"

"Na babu yako alikuja na mguu kama gogo la mgomba, tukamlisha," alijibu Nyamizi. "Tungemwachia fisi, leo ningeimba kwa raha zangu."

Kuluthumu alimvua ndara, akamwingiza, akafunua pembe ya pazia, akamwonyesha Doto. Nyamizi alimtazama mjukuu wake, kisha akatoka mwenyewe mpaka getini, akaipindua ngoma yake mdomo chini, akaikalia. Tangu hapo kila Kuluthumu akipita aliulizwa neno moja, bado? Naye alijibu kwamba bado, halua haijashika. Wakawa marafiki, maana yake walitukanana asubuhi na jioni.

Sasa Ndugu Lugembe naye akapata habari. Alisikia kwamba pacha waliozaliwa kutokana na lori lake wako hai, na kwamba wanalelewa katika sanduku ambalo halikutoka Ulaya wala halikuombwa kwa mtu: mti wetu, fundi wetu, globu zetu. Kujitegemea kwenyewe huko, kumelala kwenye pamba. Akapanga kuja Saba Saba. Kutakuwa na bendi ya tarumbeta, kwaya, hotuba na mpiga picha. Na kwa kuwa chumba hakiwezi kuingiza watu arobaini, sanduku litatolewa uwanjani, lifunuliwe juani, na pacha wanyanyuliwe juu mmoja mmoja, wananchi wawaone matunda ya Operesheni.

Mganga mkuu alikuwa safarini. Aliyekaimu alikuwa mganga msaidizi, Damas, mtu asiye na ubaya wowote, isipokuwa siku za wageni uti wa mgongo alikuwa akiuacha nyumbani. Katika simu moja alisema ndiyo mara sita. Sista Bernadeta alimfuata akamweleza habari za mishipa, damu na utando wa maziwa. Damas alisema anayajua hayo, amesoma, lakini Katibu hakusoma hayo, kwa hiyo hayatamsaidia. Akaagiza lile pazia jeusi liondolewe siku hiyo maana linaonekana kama matanga, kiwekwe kitambaa cha kijani. Sista akiendelea kupinga, alisema, itabidi aandikwe kwamba anakwamisha maendeleo.

Ijumaa, siku mbili kabla ya sherehe, Damas aliingia chumbani kufanya mazoezi. Si mazoezi yake; ya watoto. Alisema ni lazima waanze kuzoea. Kabla mtu hajafahamu maana yake, alipiga makofi matatu ya nguvu juu ya kioo.

Kulwa alijikunja. Doto alirusha mikono, akavuta pumzi moja, akaacha.

Kuluthumu alikuwa ameshapitisha mkono. Aligusa unyayo mara moja. Mara mbili. Midomo ilikuwa imegeuka. Mara tatu. Sista Bernadeta alikuwa amesimama na mkono kinywani. Mara ya nne Doto alitikisika kama gari la kusukuma, akavuta.

"Si amerudi?" alisema Damas. "Basi wanazoea."

Kuluthumu alimtazama. Hakutumia hata kidole, alimtazama tu, na Damas alijikagua vifungo vya suruali, akatoka.

Jioni ile getini Kuluthumu alikaa chini karibu na Nyamizi, kimya, mpaka Nyamizi akaingiwa na hofu na kumuuliza kama amefiwa. Kuluthumu alimweleza yote. Kisha akamuuliza swali. Mila inasemaje juu ya mgeni anayekuja kuona pacha ambao hawajaimbiwa?

Nyamizi alisema haoni mtu. Kwanza aimbiwe yeye, amwagiwe maji, apakwe unga, atukanwe mpaka naye atukane na acheke. Asipocheka hapiti.

"Na akiwa mkubwa?"

"Mkubwa ana nyimbo nyingi zaidi."

"Na akikasirika?"

"Anaanza upya. Maji, unga, nyimbo. Kuna chifu mmoja zamani alikasirika asubuhi, wakamaliza naye siku ya pili."

"Basi igeuze ngoma yako," alisema Kuluthumu. "Jumapili. Lakini hapa hapa getini. Ukivuka hatua moja nitakuvunja mguu, na kwetu tunajua mguu unavyoweza kumkawiza mtu safari."

Jumamosi walifanya mazoezi yao. Kuluthumu aliziba dirisha la chumba kwa godoro la sufi, akaacha tundu la kutosha jicho moja. Uani, kwenye kamba za kuanikia kati ya wodi na geti, alitundika mablanketi yote ya hospitali yaliyolowa, safu juu ya safu, mpaka mfuaji akauliza kama kuna vita. Kisha Nyamizi akapiga ngoma mara moja tu, kwa nguvu zake zote, Kuluthumu akiwa ndani na kiganja chake juu ya sanduku. Hakusikia kitu. Doto hakusikia kitu. Na jioni Kuluthumu alipita Ng'ambo nyumba kwa nyumba, akiwaalika wanawake wote waliowahi kucheza ngoma naye. Aliwaambia wakija na unga, usiwe wa kupimwa kwa kijiko.

Jumapili ikafika, na hapa ndipo Kuluthumu alipopata mateso ya maisha yake. Shughuli ya matusi kubwa kuliko zote tangu Uhuru ilikuwa inafanyika hatua mia mbili kutoka alipo, na yeye, kinara, amefungiwa ndani na kidole karibu na unyayo wa mtoto. Lakini aliona hawezi kumwachia mtu mwingine kidole hicho. Sista Bernadeta alikaa upande wa Kulwa. Kuluthumu alikaa upande wa Doto, na jicho moja kwenye tundu la godoro. Yaliyosemwa getini alikuja kusimuliwa baadaye, na aliomba yarudiwe kila siku kwa mwezi mzima.

Landrova ilisimama. Ndugu Lugembe akashuka na shati lake la Kichina la mifuko minne, kipaza sauti cha betri mkononi, akawaamkia akina mama shikamoo kwa ule unyenyekevu wa viongozi mbele ya picha. Nyamizi badala ya kuitikia marahaba alimjibu kwa ubeti wa kwanza, na kibuyu cha maji kikamfika kifuani.

Nyimbo zenyewe haziandikiki, karatasi nayo ina aibu zake. Itoshe kusema kwamba wimbo wa kwanza ulihusu lori lake na kile linachofanana nacho likipanda mlima. Wa pili ulihusu vitu alivyowahi kuvihamisha, na kitu kimoja nyumbani kwake ambacho, kwa madai ya waimbaji, kila usiku kimemshinda hata kukisogeza. Akina mama wa Ng'ambo, ambao mila hiyo si yao, waliishika ndani ya dakika tano na kuiongezea viungo. Bendi ya tarumbeta ilikuwa ya vijana wa Kinyamwezi watupu. Walitazamana, wakaacha wimbo wa mapokezi, wakafuata wa Nyamizi. Damas alikimbia kwenda kumwokoa mgeni wake, akarudi mweupe kama aliyefufuka.

Na jambo la kuchekesha ni hili: Ndugu Lugembe alikuwa Mnyamwezi. Amezaliwa Unyamwezi, amelelewa na bibi, aliijua njia ya kutokea kuliko mtu yeyote pale. Angecheka mara moja tu, angemtupia Nyamizi tusi moja la heshima, angepita. Lakini miaka minne ya hotuba ilikuwa imemkausha kicheko. Kila alipofungua mdomo yalitoka maneno ya ratiba. Akisema "ndugu wananchi," maji. Akisema "mila potofu," unga. Akakasirika, wakaanza upya.

Kupitia tundu Kuluthumu aliyaona yote kama sinema ambayo mashine yake imeharibika sauti. Aliuma upindo wa khanga asicheke. Sista Bernadeta alimtazama mabega yanavyotikisika akadhani analia, akamshika mkono kumfariji.

Kisha Kuluthumu akaona kitu kilichomkata kicheko. Ndugu Lugembe alikuwa amechoropoka. Alipita kati ya mablanketi, akayaangusha mawili, anakuja mbio chumbani na kipaza sauti chake, na nyuma yake hakuna aliyethubutu kuvuka geti kwa sababu ya kiapo cha mguu.

Kuluthumu alimkuta mlangoni. Katibu alikuwa ameloa na kupakwa mpaka nyusi, kama ugali uliokorogwa ukaachwa nusu. Akainua kipaza sauti akakiwasha, na kabla hajatoa hata neno, kile kidude, kwa sababu ya maji yaliyokiingia, kikapiga mluzi. Mluzi mkali, mrefu, wa kutoboa ukuta.

Kuluthumu hakumtukana. Alimpokonya, akakizima, akageuka. Sista Bernadeta alikuwa tayari ameinua uso, na uso huo ulitosha.

Doto alikuwa ameacha.

Kidole. Mara moja, mara mbili, mara tatu. Midomo ilipita zambarau ikaingia rangi ambayo haina jina zuri. Mara nne, tano. Ndugu Lugembe alikuwa ameingia na viatu vyake mpaka kwenye sanduku, hakuna aliyekumbuka kumvua, na anatazama.

"Mbona hapumui?" aliuliza. Alinong'ona bila kuambiwa.

"Umemkatiza," Kuluthumu alisema. "Ngoja."

Alikunja kidole, akamsugua mtoto mgongo, polepole, kutoka chini kwenda juu. Unga ulikuwa unadondoka kutoka nywele za Katibu ukianguka sakafuni, na chumba kilikuwa kimya hata ungedhani unausikia.

Doto akavuta. Akaacha. Akavuta tena, na tena, rangi ikarudi kutoka mashavuni kwenda midomoni. Sista Bernadeta akaangalia saa yake, akafumba macho.

Kuluthumu alishusha pazia la baibui, akalinyoosha vizuri. Ndipo akamgeukia Katibu, na alichomwambia alikisema kwa mnong'ono, akiwa amemkaribia sikio kama mtu anayemwambia siri.

"Ndugu Katibu. Hawa walikuwa wamebakiza miezi miwili ndani ya mama yao. Lori lako liliwashusha kabla ya kituo. Mimi na Sista tunawamalizia ile safari kwa miguu, taratibu, bila honi. Leo ukiwatoa nje juani utakuwa umewahamisha mara ya pili. Na huyu mdogo hatafika."

Katibu alikuwa amezoea kugombezwa, lakini kwa sauti kubwa, na mwenye sauti kubwa humjibu kwa kubwa zaidi. Mnong'ono hakujua unajibiwaje. Akainama, akavua viatu, ingawa alikuwa anatoka.

"Na hotuba yangu?" alinong'ona akiwa mlangoni.

"Getini kuna watu tele. Ila wacheke kwanza. Anza wewe."

Alirudi getini peku, viatu mkononi. Walioshuhudia wanasema alisimama mbele ya Nyamizi, na kilichomtoka kilikuwa kicheko kibaya, cha kukwaruza, kama pampu ya kisima iliyokaa mwaka bila kuvutwa. Kisha akamtukana Nyamizi. Tusi lenyewe lilikuwa la kiwango cha chini, halina hata kiungo kimoja cha mwili, lakini mila haisemi lazima liwe zuri. Ngoma ikanyamaza. Akapishwa, akaambiwa sasa anaweza kwenda kuona pacha. Akasema hapana, atatoa hotuba pale pale.

Na hotuba hakuikosa. Aliwatangazia wananchi kwamba uongozi umeona mbali, umetambua kwamba ubongo wa mtoto ndiyo utajiri wa taifa, na kwamba yeye binafsi amefika siku hiyo, bila viatu, kukagua kimya katika chumba cha njiti na kukiona kinaridhisha. Kuanzia leo, kelele marufuku. Akapigiwa makofi, naye akawakemea wapunguze. Wiki iliyofuata Damas alileta kibao cha mbao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: KIMYA. KWA AMRI YA KATIBU. Kuluthumu alikisoma kwa darasa lake la nne, neno kwa neno, akaona msumari wake ni mzuri, akawa anatundika hapo tambara la kudekia.

Katikati ya mwezi wa tisa pacha walitoka. Doto alikuwa ameshapata kilo mbili na kitu, na alikuwa hajasahau kupumua kwa siku thelathini na moja, ambazo Kuluthumu alizichora kwa mkaa nyuma ya mlango. Lakini Sista Bernadeta hakusema amepona. Alisema mtoto hupimwa kwa siku zijazo, na kwanza kabisa tutazame kama anasikia, kama anageuka, kama dunia ikimjia anaijibu.

Getini Nyamizi alikuwa amesimamisha ngoma. Safari hii ilikuwa shughuli yenyewe, na wenye shughuli walikuwa mikononi mwa mama yao, Apolinaria, wamefungwa khanga mpya. Nyamizi alisema mtani ndiye afungue. Watu wa Ng'ambo walisogea nyuma hatua kadhaa, kwa uzoefu.

Kuluthumu alimtazama Sista. Sista aliitikia kwa kichwa: sasa ruksa. Bado Kuluthumu alisita, yeye ambaye hakuwahi kusita kufungua mdomo tangu apate meno. Alisogea karibu na Apolinaria, akajaza kifua, akapiga kigelegele. Hakikuwa kikubwa kama cha siku ya Uhuru, lakini mbwa wa sokoni walinyamaza.

Kulwa aliendelea kulala. Doto alishtuka. Mikono iliruka, macho yalifunguka yote mawili, kifua kikasimama, na kidole cha Kuluthumu kilikuwa kimeshafika kwenye khanga kinatafuta unyayo.

Kabla hakijaupata, Doto alivuta pumzi ndefu, akageuza uso wake wote kuelekea ile sauti iliyomkera, akapasua yowe. Yowe refu, la hasira, lenye mwanzo, kati na mwisho, na lilipoisha akalianza tena.

"Umesikia?" alisema Nyamizi. "Amekurudishia tusi."

"Nimesikia," alisema Kuluthumu, akijifuta macho kwa upindo wa khanga. "Na amenitukana vizuri kuliko Katibu."